Mtoto hatoki jasho na joto la Dar ndo hili: maswali yenu, majibu yangu

Haya wapendwa, Disemba ndo hiyo, joto limeingia na meseji zimejaa, kwahiyo leo najibu kwa mkupuo. Kwa wageni, mwanangu kazaliwa na tatizo linaloitwa ektodemo displasia, yani tezi za jasho hana, nywele chache, meno machache tena yamechongoka, na lile joto ambalo wewe unajifuta na leso ukaendelea na safari yako yeye linaweza kumuua. Wengine mnaoniandikia watoto wenu wana sikoseli, kifafa, moyo, makovu ya moto, ila joto limetuweka chumba kimoja. Mi ni mama sio daktari, dozi za dawa msiniulize.

Mama mwenzangu, mwanangu ana miezi minne, kila mchana anachemka, malaria tumepima hana, panadol haishushi, usiku anapoa mwenyewe. Hii ni homa gani? (Mama wa Mbagala)

Pole mama. Inawezekana sio homa kabisa. Homa ni ubongo wenyewe umeamua joto la mwili lipande, ndo maana panadol inasaidia maana inaenda kumwambia ubongo shusha. Sasa mtoto aliyezidiwa na joto la nje, ubongo hauna shida, mwili ndo umeshindwa kutoa joto, hapo panadol haina cha kushusha hata ungempa chupa nzima. Chukua daftari la shule la kawaida, andika saa, kipimajoto cha kwapani kimesoma ngapi, alikuwa chumba gani, kavaa nini. Halafu mvue, mpanguse maji, mpepee, pima tena baada ya kama dakika ishirini. Ikiwa 38.7 imeshuka ikawa 37.5 bila dawa yoyote, hiyo karatasi daktari ataisoma kwa makini kuliko maneno yako yote, na umwambie sentensi hii: sijawahi kumuona mtoto huyu akitoka jasho. Wakati mwingine hawaulizi, kwasababu nani anauliza mambo ya jasho la kichanga.

Malaria endelea kupima kila akichemka, asikudanganye mtu, mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Na miezi minne maji ya kunywa bado, mpe ziwa mara nyingi zaidi, hata kila nusu saa akitaka. Muangalie na dalili za tatizo kama la mwanangu: nywele chache, ngozi ya kuzunguka macho kama imekunjamana na nyeusi kuliko usoni kwingine, puani kama kunajaa makoko yananuka. Halafu uliza nyumbani kwenu, upande wako wewe mama, kuna mjomba ambaye hajawahi kuwa na meno kamili? Aina ya ektodemo displasia iliyo nyingi zaidi inapita kwa mama, mama anaweza kuonekana mzima au kakosa meno mawili matatu tu, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuupata. Mwanasayansi Charles Darwin mwaka 1875 aliandika habari za ukoo mmoja wa Sindh, siku hizi iko Pakistani, wanaume kumi katika vizazi vinne hawana meno ya kueleweka, nywele haba, wakati wa joto wanateseka, na mabinti zao wazima wanazaa watoto wa kiume wenye tatizo lilelile. Kwahiyo wale wanaosema ni laana ya juzi, ugonjwa huu una umri.

Kliniki ya ngozi ndo pa kuanzia. Muhimbili, au kama uko kaskazini pale KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu tangu 1992, huko mtoto wa namna hii hawamshangai.

Feni inatosha? Na umeme ukikatika nafanyaje? (Baba wa watoto wawili, Temeke)

Feni peke yake kwa mtoto asiyetoka jasho inazungusha hewa ya moto tu. Wewe feni inakupoza kwasababu una jasho la kukausha. Ushaona mtungi wa bibi, maji yanakuwa baridi bila friji kwasababu mtungi unavuja kidogokidogo kwa nje na upepo unayakausha? Mtoto wetu ni mtungi uliopakwa rangi ya mafuta, havuji. Kwahiyo maji tunayaweka sisi kwa nje.

Kwangu ni hivi. Fulana ya pamba imelowekwa kwenye ndoo, imekamuliwa isichuruzike, anavaa. Chupa ya kupulizia ile ya saluni inakaa mlangoni imejaa maji ya bomba, sio ya barafu, na yeye mwenyewe kashajua kujipulizia shingoni, kwapani na nyuma ya magoti. Ndo feni sasa inafanya kazi. Fulana ikikauka ukiigusa begani, inarudi kwenye ndoo. Dar hapa unyevu wa hewa ni mwingi, maji hayakauki haraka kama Dodoma, kwahiyo hewa lazima itembee, madirisha mawili yanayotazamana yawe wazi, na usimfunike kanga iliyolowa gubigubi maana ndani ya dakika chache inageuka mvuke, unampika.

Umeme ukikatika kuna feni za kuchaji, za sola ziko pia, hizo sio anasa kwako, ni kama inhela kwa mtoto wa pumu. Ikishindikana kabisa ubao wa kupepea na sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji. Kama nyumba ni bati tupu bila silingi bodi mchana msikae ndani, kivuli cha mwembe kinaishinda nyumba hiyo mbali sana.

Mwalimu anasema mwanangu anadeka, kila asubuhi mchakamchaka analala chini. Nimpe adhabu? (Mama wa Chanika)

Usimguse. Mtoto anayejijua anakaa chini ndo mtoto mwenye akili, wanaotuua kwa presha ni wale wanaokimbia mpaka wanadondoka ili wasichekwe.

Omba barua ya daktari, fupi, iandikwe wazi kwamba mtoto huyu asikimbie mchakamchaka, asisimame juani mstarini, asivae sweta, akae dirishani, aruhusiwe chupa ya maji na kulowesha nguo wakati wowote bila kunyoosha mkono. Toa kopi. Moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa mwalimu wa darasa, moja mpe mwalimu wa zamu mkononi maana huyo ndo anayeshika fimbo asubuhi. Nenda mwenyewe na ndoo ndogo yenye mfuniko, iandike jina la mtoto, iache darasani. Walimu wengi ukiwaonyesha wanaelewa, na mahali ambapo shule imeshazoea kumuweka kivulini mwanafunzi mwenye ualbino unaweza kuanzia hapohapo, japo waeleze tofauti: mwenye ualbino kivuli kinatosha maana jasho analo, wa kwako hata kivulini akicheza mpira anachemka.

Dada, mama mkwe anasema ni degedege, anataka tumfukize. Mume wangu kakubali. Nifanyeje? (sitaki kutaja ninapoishi)

Hili nalijibu kwa kirefu na naomba ulisome na mumeo.

Shikamoo yake mama mkwe, yeye anatafuta mjukuu apone, simlaumu. Lakini kumfukiza mtoto asiyetoa joto, au kumuingiza kwenye nyungu chini ya blanketi, ni kumuua. Hilo halina mjadala wa mila. Mtu mzima akitoka kwenye nyungu kalowa jasho anasema nimepata nafuu, jasho ndo lililomuokoa. Huyu hana.

Degedege ni kweli lipo, mtoto anakakamaa, macho yanageuka. Linakuja kwa homa, kwa malaria kali, kwa homa ya uti wa mgongo, na linakuja pia kwa joto kupita kiasi. Kabla halijafika huko joto linatoa dalili. Mtoto anaacha kucheza, anakuwa mkali bila sababu au anazubaa, ngozi ya tumbo ukiweka mkono ni moto na kavu, anatapika, anaongea vitu visivyoeleweka. Kwa ngozi zetu usisubiri awe mwekundu kama wanavyochora kwenye vitabu.

Ukiona hivyo, poza kwanza halafu ndo safari. Usianze kutafuta bajaji na mtoto kavaa nguo. Mpeleke kivulini, vua zote, mwagia maji mwili mzima kwa kopo bila kusimama huku mtu mwingine anapepea kwa nguvu. Beseni kubwa likiwepo na yuko macho, mkalishe ndani maji yafike kifuani, mkono wako usiachie kichwa. Akiwa anakakamaa usimuweke kwenye beseni, mlaze ubavu, endelea kummwagia maji mwilini, mdomoni usiweke kijiko wala kidole wala maji. Akianza kutetemeka baridi, punguza. Kipimajoto kikisoma 40 au amechanganyikiwa hata kama kinasoma chini ya hapo, ni hospitali, na kwenye bajaji anapanda uchi na kanga yenye maji, pande zote wazi, dumu la maji miguuni mwako. Mkifika mwambie nesi "amezidiwa na joto, hatoki jasho" kabla hujasema jina la mtoto.

Kwa mama mkwe, mpe kazi. Yeye ndo awe na kipimajoto na kopo. Bibi aliyepewa kazi ya kumwagia maji mjukuu hafikirii tena moshi, na mbele ya majirani anakuwa mtaalamu.

Wangu ana sikoseli. Na mimi nimmwagie maji ya baridi?

Ya baridi hapana. Baridi ya ghafla inabana mishipa na maumivu yanaweza kuanza, mtumie ya uvuguvugu au ya kawaida yaliyokaa ndani. Kwenu vita ni maji ya kunywa, figo za watoto wa sikoseli hazibani mkojo vizuri, anapoteza maji hata akiwa amekaa, ndo maana wengi wanakojoa kitandani na tunawachapa bure. Chupa iwe naye kutwa. Na homa kwa mtoto wa sikoseli sio ya kupepea nyumbani, siku hiyohiyo hospitali.

Mtoto wa kifafa kabadilishiwa dawa, tangu hapo joto linamshinda. Nawaza au ni kweli?

Inawezekana ni kweli. Topirameti inajulikana kupunguza jasho kwa watoto. Usiiache ghafla hata siku moja maana degedege litarudi kwa nguvu, rudi kliniki umwambie daktari. Na hapa nisemee piriton, tunawapa watoto kwa kila mafua kama pipi, nayo inakausha, jasho linapungua, basi kwa mtoto mwenye shida ya joto uliza kwanza. Wa moyo wanaotumia lasix, ile dawa ya kukojosha, msiwajaze maji kwa kusoma hapa, kiasi chao kinapangwa na daktari wao.

Tuhame? Kwetu Lushoto kuna baridi.

Kama riziki inaruhusu, ningehama kesho. Ukipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6, na Lushoto iko juu kama mita 1400, hiyo tofauti mtoto ataisikia siku ya kwanza. Ila angalia mambo mawili. Huko juu watu wanavalisha watoto sweta, kofia ya sufi na blanketi mgongoni, na mtoto asiyetoka jasho aliyefungwa hivyo akapanda mlima saa saba anaweza kuzidiwa kwenye baridi hilohilo. Pili umbali wa hospitali, uliza kabla hujafunga mizigo. Wengine wanafanya nusu, Disemba mpaka Machi mtoto kwa bibi, joto la Dar likipungua anarudi.

Nimesikia Ujerumani kuna sindano ya kumfanya mtoto atoke jasho.

Ipo habari hiyo na sio uzushi. Mwaka 2018 madaktari wa Erlangen walitoa taarifa ya watoto watatu waliopewa protini iliyokosekana wakiwa bado tumboni, kwenye maji ya uzazi, wakazaliwa wakaweza kutoka jasho. Baada ya hapo yakaanzishwa majaribio makubwa zaidi. Lakini ni tumboni, kwasababu tezi za jasho zinatengenezwa kabla ya kuzaliwa, kwahiyo wa kwangu na wa kwako walioshazaliwa haiwahusu. Anayekuuzia mafuta ya kufungua jasho Kariakoo akurudishie hela yako.

Ndugu zake wanalalamika feni yote inamuelekea yeye.

Wana haki ya kulalamika, joto ni la wote. Kwangu tumelaza magodoro sambamba sakafuni, yeye kalala mwanzo karibu na feni na fulana yake mbichi, upepo ukimpitia unawafikia wenzake una ubaridi, sasa wanagombana nani alale namba mbili.