Nyumba na Mtaa: wasomaji wa Tanga wanauliza

Assalaam aleikum. Mtaani kwetu pembezoni mwa jiji, kamati ya urasimishaji (kupanga na kupima makazi ili watu wapate hati) inataka uchochoro wetu wa mita 2 uwe njia ya mita 6. Kiwanja changu kina mita 20 upande wa njia. Nitapoteza kiasi gani? Nitalipwa? Na nikikataa? (Msomaji, Mwakidila)

Waaleikum salaam. Tuanze na hesabu. Zinahitajika mita 4 zaidi. Wanaotazamana wakigawana sawa, kila upande unatoa mita 2, yaani kwako ni mita za mraba 40. Kwa kiwanja cha mita za mraba 500, hiyo ni asilimia 8.

Shida huanzia kwenye kugawana. Upande wenye ukuta wa tofali huogopwa, upande wenye ua wa michongoma unabebeshwa mita zote 4, na hapo unapoteza 80 badala ya 40. Dai kipimo kianzie katikati ya njia ya zamani, na uwepo tepu inaponyooshwa. Ikiwa nyumba ya jirani kweli haigusiki, njia inaweza kupinda kidogo, ila makubaliano hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa na nakala ubaki nayo. Maneno ya barazani hayana mshiko miezi sita baadaye.

Kwa nini mita 6 na si 3? Lori peke yake lina upana wa takriban mita 2.5. Bado hujaweka mtaro wa maji ya mvua, bomba la maji na nguzo ya umeme. Njia ikiwa mita 3, bomba hulala chini ya matairi na kupasuka kila mara, au mafundi wanalipitisha uani kwa watu. Mtaro nao hukosa mahali, na Tanga ilivyo tambarare, maji ya masika yasiyo na mtaro hayaendi popote.

Malipo: kwenye urasimishaji wenyeji wanakubaliana kuachia ardhi ya njia, kwa hiyo kwa kawaida hakuna fidia. Serikali ikitwaa eneo lako kwa barabara kuu ni habari nyingine kabisa; hapo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati.

Kukataa unaweza, lakini kiwanja kisichofikika kinamtia mpangaji miji kwenye mtego, na wewe ndiye utakayekwama na hati. Ni afadhali kubishania mgawanyo kuliko kubishania njia.

Fuatilia pia mpangilio wa kazi. Mkutano wa mtaa unachagua kamati, mipaka inatambuliwa majirani wakiwepo, mchoro wa mipangomiji unapitishwa, ndipo mpima anaingia. Akianza kufunga bikoni (alama za mipaka) kabla mchoro haujapita, simamisheni. Mchoro ukibadilika, bikoni zinang'olewa na gharama inarudi kwenu. Bikoni yenyewe ni chuma kilichoshikwa na zege, juu ina herufi na namba. Piga picha kila moja ya kwako, namba isomeke, na iandike pembeni ya kipimo chake. Watoto huzing'oa, na mafundi huzifukia kwa kifusi.

Jina kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho cha taifa. Kama kiwanja bado ni cha marehemu baba, nendeni kwanza mahakamani mpate msimamizi wa mirathi. Familia nyingi huandikisha jina la kaka mkubwa "kwa muda", kisha kesi inaanzia hapo. Na msilipe fedha mkononi mwa mjumbe wa kamati, hata kama ni mtu wa swala tano. Lipeni penye risiti.

Shimo letu la choo hufurika kila masika. Chini ni mawe ya matumbawe. Fundi anashauri tuchimbe zaidi. (Msomaji, Sahare)

Msichimbe. Huko chini mtakutana na maji, na shimo litajaa kutokea chini hata kabla hamjalitumia. Isitoshe, matumbawe yana nyufa, na majitaka hupita humo bila kuchujwa. Ile kanuni ya kuweka kisima mita 30 mbali na choo haitoshi kwenye mwamba wa aina hiyo, kwa hiyo maji ya kunywa yawe ya bomba au yachemshwe.

Jengeni karo (tangi la majitaka) lisilovuja, lenye vyumba viwili. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 80, inatoa lita 480 kwa siku. Karo lenye urefu wa ndani mita 2.4, upana mita 1 na kina cha maji mita 1.2 linabeba karibu lita 2,900, na tope lina nafasi ya kutulia. Chumba cha kwanza kiwe mita 1.6, cha pili mita 0.8. Bomba la kuingilia na la kutokea yawe na kiungo cha T kinachozama kama sentimita 30 chini ya maji. Bila hicho, mafuta na uchafu unaoelea hutoka na kuziba mnyonyo, yaani shimo la kunyonya maji yanayotoka kwenye karo. Plasta ya ndani iwe na saruji ya kutosha, ipigwe mara mbili, kisha jazeni maji safi siku nzima muone kama yanashuka.

Mifuniko msiifukie chini ya sakafu. Gari la kunyonya litakuja kila baada ya miaka 2 au 3, na mpira wake una mwisho. Hapa ndipo uchochoro wa mita 2 unapomwadhibu mtu aliyegoma kuachia njia.

Nakatwa kodi ya majengo kwenye LUKU. Je, ni ushahidi kwamba kiwanja ni changu? (Msomaji, Makorora)

Hapana. Makato yale, yaliyoanza 2021, yanafuata mita ya umeme, hata anayenunua akiwa mpangaji. Pango la ardhi ni malipo mengine, yanamhusu mwenye ardhi. Kama wewe ndiye mpangaji, mwombe mwenye nyumba akupunguzie kiasi hicho kwenye kodi unayomlipa, maana mzigo ni wake.