Upanga wa kilo 3 na kifundo cha mkono kinachouma

SWALI: Mwalimu, ninajifunza upanga mrefu wa Kijerumani hapa Hamburg, na huu ni mwezi wangu wa 4. Mkufunzi wetu ametukabidhi panga za chuma za kilo 3, kwa maelezo kwamba panga za zamani zilikuwa nzito na hatuna budi kuzizoea. Siku hizi kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma upande wa kidole gumba, na pigo langu huchelewa kila ninapopambana na wenzangu. Naomba mazoezi ya kuimarisha mkono.

JIBU: Mazoezi hayo sitakupa. Mwone daktari, upumzishe mkono mpaka akuruhusu, na chuma hicho ukirudishe kilikotoka, kwa sababu tatizo lako halitokani na upungufu wa nguvu.

Kila muhula ninapokea wanafunzi walioaminishwa kwamba shujaa wa zamani alibeba upanga mzito kama reli, na kila muhula naumia kuona vifundo vya mikono vilivyoharibiwa na imani hiyo. Panga ndefu za karne ya 15 zilizomo katika makumbusho za Ulaya kwa kawaida zina uzito wa kati ya kilo 1.2 na 1.6. Zipo zinazozidi kilo 4, lakini nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kubebwa katika maandamano ya heshima mbele ya watawala, na hakuna aliyetarajia kupigana nazo. Tena uzito peke yake hausemi yote. Bapa la upanga halisi hupungua unene kuanzia kwenye mpini hadi kwenye ncha, ili uzito ubaki karibu na mikono. Ukiulaza upanga mrefu uliofuliwa vizuri juu ya kidole kimoja, mara nyingi utatulia sentimita 7 hadi 10 tu mbele ya kikingio cha mkono. Jaribu hivyo na chuma chenu, nawe utaona jinsi kinavyolalia upande wa mbele.

Sasa tazama kinachoupata mkono wako. Chukua pigo la hasira, ambalo Wajerumani waliliweka la kwanza katika mafunzo yao: linatoka begani kwa mshazari, mkono wa kulia ukisukuma na wa kushoto, ulio mwishoni mwa mpini, ukivuta, kisha upanga unasimama ncha ikimwelekea mpinzani usoni. Kwa upanga wa kilo 1.4 mikono miwili inausimamisha bila shida. Kwa chuma cha kilo 3 unalazimika kukaza ngumi ili kukizuia kisianguke, na mshtuko wote wa kukizuia unaishia kwenye kifundo, mara mia kwa jioni moja. Kuchelewa kwako nako kunatoka hapo hapo, kwa kuwa anayeinua mzigo hutanguliza mwili na mguu, ilhali Mwingereza George Silver alikwisha kuandika mwaka 1599 kwamba mkono ndio utangulie na mguu ufuate.

Hasara kubwa zaidi ni ya kuhisi. Wafuasi wa Johannes Liechtenauer, bingwa wa Kijerumani wa upanga mrefu wa zama za kati, walifundisha kwamba panga zinapogusana, papo hapo upime kama mwenzako amekaza au amelegea: akilegea, unamchoma moja kwa moja, akikaza, unauondoa upanga wako kwa juu na kumpiga upande wa pili. Mkono ulioshika chuma kama mchi wa kinu hauwezi kupima jambo hilo, hata ukifanya mazoezi miaka 10.

Nijuavyo, wanaouza nadharia ya uzito mara nyingi huuza na siri: kwamba wamerithi mafundisho ya mashujaa, kutoka mwalimu hadi mwalimu, bila kukatika. Urithi huo haupo. Mapokezi ya upanga mrefu yalikatika karne nyingi zilizopita, na kila tunachofundisha leo tumekifufua kutoka vitabuni, tukisoma, tukijaribu, tukikosea na kusahihishana. Vitabu hivyo havikufichwa: hati kongwe kuliko zote tunazozijua, ya upanga na ngao ndogo, iko Leeds, Uingereza, nakala moja ya kitabu cha Fiore dei Liberi, bingwa wa upanga wa Kiitalia, iko Los Angeles, na kitabu cha Joachim Meyer, mwalimu wa upanga wa Kijerumani, kilichapwa mwaka 1570 kisomwe na yeyote. Kwa hiyo mkufunzi aulizwe anafundisha kutoka kitabu gani na ukurasa gani. Anayekasirikia swali hilo asikabidhiwe vidole vyenu.

Nasema vidole kwa makusudi, kwa sababu ndivyo vinavyovunjika. Barakoa ya mchezo wa kisasa wa vitara ilibuniwa kwa silaha ambazo kanuni haziruhusu zizidi gramu 770, nayo huacha kisogo wazi. Upanga butu wa chuma unadai kinga ya kisogo, kinga ya koo na glavu ngumu zinazofunika kila kidole, pamoja na bapa linalopinda ncha inapomgusa mwenzako. Kozi za wiki chache zinazowaingiza watu ulingoni na chuma bila vitu hivi zinanitisha kuliko upanga wenye makali. Hicho cha kilo 3 ni karibu mara 4 ya kiwango ambacho barakoa ilikusudiwa kukihimili. Mkufunzi akikuamuru upambane nacho, kataa, na umkataze na mwenzako aliyesimama mbele yako.