Maswali ya Wasomaji: Ndege za serikali kwa watu wachache

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kilindoni, Mafia. Ndege ndogo zinazotuunganisha na Dar es Salaam ni za kampuni binafsi, na nauli yake haimuwii rahisi mvuvi wala mwalimu. Kila tunapouliza kwa nini serikali isiwe na ndege ndogo za kuhudumia visiwa na maeneo ya mbali, tunajibiwa kwamba shirika la namna hiyo haliwezi kudumu kwa kuwa abiria ni wachache. Je, lipo popote duniani shirika dogo la serikali lililodumu katika kazi hiyo, na linaendeshwaje?

*Msomaji, Mafia*

Jibu: Ndugu msomaji, lipo, na limedumu tangu 1948. Ni huduma ya ndege ya Serikali ya Visiwa vya Falkland, ambayo wenyeji huiita kwa kifupi FIGAS. Visiwa hivyo viko Atlantiki ya Kusini, viko chini ya Uingereza huku Argentina ikividai kuwa ni vyake, na eneo lake ni zaidi ya mara nne ya Unguja na Pemba zikijumlishwa pamoja. Hata hivyo wakazi wake ni kama 3,500 tu, na walio wengi wanaishi katika mji mmoja, Stanley. Waliobaki wametawanyika katika mashamba ya kondoo na visiwa vidogo, ambako huenda familia moja ndiyo kijiji kizima.

Huduma hiyo ilianzishwa kwa ajili ya wagonjwa. Kabla yake, mtu aliyeugua shambani alitegemea farasi au meli kumfikia daktari, na safari ya kwanza ya huduma hiyo, Desemba 1948, ilikuwa ya kumchukua mgonjwa kutoka North Arm, kusini mwa kisiwa kikubwa cha mashariki. Baadaye zikaja ndege aina ya Beaver zilizotua majini mbele ya makazi ya watu, na kuanzia 1979 zikaletwa ndege za Islander zinazotua katika viwanja vya nyasi. Vita vya 1982 kati ya Uingereza na Argentina viliharibu ndege za huduma hiyo, lakini serikali ilinunua nyingine na kazi ikaendelea.

Kuhusu uendeshaji, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba FIGAS ni idara ya serikali yenye fungu lake katika bajeti, kama ilivyo idara ya barabara au ya afya. Haina ratiba ya mwaka mzima. Abiria huomba safari, wahusika huyakusanya maombi ya siku inayofuata, wakapanga njia itakayowapitia wote kwa ndege chache iwezekanavyo, kisha jioni ratiba hutangazwa redioni ili kila shamba lijue ndege itafika saa ngapi na nani yumo. Kwa mpangilio huo ndege hairuki tupu kwa sababu tu karatasi inasema iruke, na kwa maoni yangu hapo ndipo zinapookolewa fedha ambazo mashirika mengi madogo huzipoteza.

Jambo la pili ni ushiriki wa wananchi wenyewe. Katika kiwanja cha shambani hakuna jengo la abiria wala mfanyakazi wa kudumu. Mwenye shamba ndiye anayewaondoa kondoo njiani kabla ndege haijatua, na ndiye anayesimama kando na gari lenye vifaa vya kuzimia moto mpaka iondoke. Ndege hiyo hiyo huchukua barua, daktari anayezungukia vijiji, mtoto anayekwenda shule mjini na mtalii anayekwenda kuwatazama pengwini, na mtalii hulipa nauli kubwa kuliko mkazi. Aidha, ndege hizo hufanya doria juu ya bahari kuangalia meli zinazovua, na kazi hii ina uzito wake, kwa sababu tangu utaratibu wa leseni za uvuvi uanze 1987, mapato yatokanayo na meli za kigeni zinazovua ngisi yamekuwa nguzo ya hazina ya visiwa hivyo. Kwa hiyo ndege inayompeleka mgonjwa hospitalini leo inaweza kesho ikailinda fedha inayoigharimia.

Sitaki kukudanganya kwamba mfano huo unaweza kuhamishwa mzima mzima hadi Mafia. Mapato ya uvuvi ya Falkland yanagawanywa kwa watu wachache mno, nasi hatuna hazina ya namna hiyo. Lakini hoja ya uchache wa abiria naikataa: wilaya ya Mafia ina watu zaidi ya 60,000. Zaidi ya hayo, serikali yetu imekwisha kulikubali jambo hili majini, maana kivuko cha TEMESA kati ya Nyamisati na Kilindoni ni chombo cha umma, na kimewekwa pale kwa sababu watu wa Mafia lazima wavuke. Linalobaki ni kuamua kama mama mjamzito anayehitaji upasuaji, ambaye saa za kivuko ni nyingi mno kwake, naye ana haki kama hiyo angani. Afrika Mashariki tuna madaktari wa ndege wa AMREF tangu 1957, ila hao walianza kama shirika la hisani, na naamini jukumu hili kwa asili yake ni la serikali.

Swali: Kwa nini huduma kama hizo hutumia ndege za pangaboi za muundo wa zamani?

*Msomaji, Ukerewe*

Jibu: Kwa sababu kiwanja ndicho kinachochagua ndege. Islander iliruka kwa mara ya kwanza 1965, na muundo wake haujabadilika sana: injini mbili za pistoni, magurudumu yasiyokunjwa, mabawa yaliyo juu ya mwili wa ndege, na nafasi ya abiria tisa, mmoja wao akikaa kando ya rubani. Inahitaji kama mita 400 tu za kurukia, tena juu ya nyasi. Ndege kubwa zaidi ingelazimu kila shamba la Falkland lijengewe uwanja wa lami, na gharama ya viwanja hivyo ingeipita ile ya ndege zenyewe. Kwa udogo wake huo abiria hupimwa uzito pamoja na mizigo yao, na ni mizigo ya kilo 20 tu inayoruhusiwa kwa mtu, kwa hiyo vitu vizito husubiri meli.