Antena ya sentimita 13: jinsi mama alivyorudishiwa habari zake za saa moja

Mama alipohamia kwangu Kitengela, nje ya Nairobi, kitu cha kwanza alichouliza baada ya kuonyeshwa chumba chake ni taarifa ya habari ya saa moja jioni. Stesheni za kulipia hakuzitaka. Alitaka zile za bure alizozizoea miaka yote, na king'amuzi cha bure nilikuwa nacho, kimeunganishwa na antena ndogo ya mezani yenye pembe mbili. Saa moja ilipofika, mtangazaji akafungua kinywa, uso wake ukageuka vijisanduku vya rangi na sauti ikakatika. Mama akangoja. Picha ikarudi, ikakatika tena. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, zima tu, nitasikiliza redio."

Jibu hilo liliniuma. Nikanunua antena nyingine, boksi lake likiahidi kilomita tele, na hali ikabaki ile ile. Ndipo nikaamua kuitengeneza mwenyewe. Ile tunayotumia leo imetokana na mita moja na kidogo ya waya wa stima, kipande cha wavu wa kuku na ubao, nami nataka kukueleza ili usipoteze pesa kama nilizopoteza.

Kwanza, usiuziwe "antena ya dijitali". Antena ni chuma. Haijui kama wimbi limebeba analogia au dijitali. Inachojua ni urefu wa wimbi. Tangu Kenya ilipozima analogia mwaka 2015, stesheni zetu za bure huja kwenye bendi ya UHF, kuanzia megahezi 470 hadi karibu 690. Kwa hiyo kama juu ya paa kuna antena ya zamani yenye vijiti vifupi kuliko mkono wako, ijaribu kabla ya kununua kitu. Ile yenye vijiti virefu sana ilitengenezewa bendi nyingine, usiitegemee.

Kinachohitaji kuwa cha dijitali ni king'amuzi au runinga yenyewe, na lazima iwe ya DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali ambao stesheni zetu hurushia matangazo. Runinga nyingi zilizotumika ng'ambo zina DVB-T ya kwanza tu. Hiyo utaitafutia stesheni mpaka uchoke na haitapata hata moja, huku antena ikilaumiwa bure.

Sasa kipimo. Chukua 7,500 ugawe kwa megahezi za stesheni unayoitaka. Jibu ni robo ya urefu wa wimbi kwa sentimita. Kwa megahezi 580, ambazo ziko katikati ya bendi, unapata karibu 13. Namba hiyo ndiyo antena nzima.

Nilichukua waya wa stima wa milimita za mraba 2.5, ule mgumu wenye uzi mmoja wa shaba ndani, nikaumenya wote. Nikakata sentimita 106, nikatia alama kwa kalamu kila baada ya 13, kisha nikaukunja kwa koleo kwenye kila alama mpaka ukawa miraba miwili iliyosimama kwa pembe, mmoja juu ya mwingine, kama tarakimu nane. Katikati, miraba inapokutana, kuna kona mbili zinazotazamana. Hizo zisigusane, ziachie nafasi ya sentimita moja hivi. Moyo wa waya wa antena, yaani shaba ya katikati, unafungwa kwenye kona moja, na wavu wake wa nje, zile nywele nyembamba zinazouzunguka, kwenye kona ya pili. Mimi nililehemu, lakini hata konekta ya plastiki yenye skrubu, ile mafundi wa stima wanayounganishia nyaya, inafanya kazi. Waya wa kushukia ndani uwe ule wa antena wa omu 75.

Nyuma ya nane hiyo weka wavu wa kuku uliopigiliwa kwenye ubao, kama sentimita 40 kwa 40, ukae umbali wa sentimita 7 kutoka kwenye shaba na usiiguse popote. Wavu huo unarudisha mbele mawimbi yaliyopita na kuzuia yanayotoka nyuma. Bila huo nilipata stesheni chache tu.

Hapa nitulie kidogo, maana palinila siku nzima. Nilimaliza kazi, nikaunganisha, ubora wa mawimbi unaoonyeshwa na king'amuzi kwenye skrini ukasoma sifuri. Nilipima tena pande zote nane, nikageuza antena kila upande, nikaanza kushuku king'amuzi. Jioni nikafungua kiungo na kukitazama kwa tochi: unywele mmoja wa ule wavu wa nje wa waya, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, ulikuwa umelala juu ya moyo wa shaba. Nikauondoa kwa ncha ya kisu. Ukimenya waya huo, rudisha nywele zote nyuma, zisokote pamoja, na uangalie kwa mwanga mzuri kabla ya kufunika.

Baada ya hapo ni mahali pa kuiweka, na naamini hapa ndipo wengi wanapoangukia. Bati huzuia mawimbi. Antena iliyowekwa chini ya paa la bati, ndani ya kuta za mawe, inapokea mabaki. Nilipoitoa yangu nje na kuipandisha juu ya ukingo wa paa, ndipo kila kitu kilipobadilika. Mnara unaohudumia Nairobi na viunga vyake uko Limuru, kilomita kama 50 kutoka kwetu, kaskazini-magharibi. Niliielekeza huko kwa dira ya simu, kisha nikaanza kuigeuza polepole huku binti yangu akinisomea namba kupitia simu kutoka sebuleni: "Baba, hamsini na mbili... sitini... imeshuka." Mwambie anayekusomea asome ubora, si nguvu. Nguvu inaweza kujaa na picha ikaganda. Analogia ingekuonyesha chengachenga na bado ungefuatilia habari. Dijitali ama inakuja safi au haiji.

Nane iliyosimama hupokea mawimbi yaliyolala. Ukiona antena za majirani zina vijiti vilivyosimama wima, lalisha nane yako ubavu. Ni jambo la dakika moja, lijaribu hata usipoona jirani.

Kikuza mawimbi usikinunue kwanza. Kinakuza na kelele pia, yaani vurugu zinazochafua mawimbi, na picha mbaya haiponi kwa kelele kubwa zaidi. Kinafaa pale waya ni mrefu sana au runinga ni kadhaa, na hukaa karibu na antena, si nyuma ya runinga.

Tafadhali usisimamishe nguzo ya chuma mahali ambapo ikianguka inaweza kugusa nyaya za stima. Hapo hakuna kubahatisha. Uwanda wetu una upepo mkali, kwa hiyo nimefunga nguzo kwa waya pande tatu. Radi zikianza tunachomoa waya wa antena kabisa. Na kabla waya haujaingia dirishani, uache ushuke chini kidogo kisha upande, maji ya mvua yadondokee nje. Kwenye kiungo nilipaka silikoni.

Leo ubora unasoma karibu 80. Kila mvua za masika zikiisha napanda kukwangua kutu kwenye wavu na kukaza skrubu, na mama husimama chini akishika ngazi, akinikumbusha kwamba ni saa kumi na mbili na nusu.