Maswali yenu: hadidiski ya tatu inakaa wapi?

Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kimoja, diski zimejaa na keisi haina nafasi. Haya twende, na jamani lile boksi la kompyuta ndilo keisi, haliitwi sipiyu, sipiyu ni kachipu kalikokaa chini ya feni.

Nina Dell Optiplex SFF (ile yenye keisi ndogo nyembamba) ya mtumba, nataka niweke diski tatu zile kubwa za inchi 3.5. Inawezekana?

Hapana. Ina sehemu moja tu ya 3.5. Uza uchukue tawa, keisi ile kubwa ya kusimama.

Nimetoa DVD nikaweka diski pale ila inacheza, nimeibana na sponji. Kuna shida?

Shida zipo mbili. Tundu la DVD ni inchi 5.25, kuna vishikio vya chuma vinauzwa bei ya soda mbili tatu, kwa nini ubane na sponji? Diski inazunguka hata mara 7200 kwa dakika, inatikisika na inatoa joto, wewe umeivalisha sweta. Halafu skrubu za DVD ni za uzi mwembamba, za diski ya 3.5 ni uzi mpana, ukiona inagoma kuingia usilazimishe utakula uzi wote.

Nyaya za pawa zimeisha, fundi kanipa kigawanyio cha Molex (plagi ya zamani ya pini nne) kwenda SATA (plagi bapa ya diski za sasa). Salama?

Hapa tukae kidogo. Viko vya aina mbili. Kuna ambavyo kichwa cha SATA kimemiminwa plastiki nzima nzima, waya ndani huzioni zimekaaje, hivyo ndo vinayeyuka, waya wa volti 12 unagusana na jirani yake na moto unaanza bila hodi. Mimi kimoja kiliniunguzia diski yenye picha za ubatizo wa mwanangu, nilidhani jirani anachoma taka, kumbe ni chini ya meza yangu. Tafuta vile ambavyo waya unaona zimebanwa kwa juu na kifuniko kinafunguka. Tena piga hesabu, diski ya 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta hadi ampia 2 hivi kwenye volti 12, diski sita ni wati 144 kwa mpigo na bado hujawasha kingine, sasa wewe una pawa saplai ya wati 240 ya mtumba halafu unaniuliza kwa nini inajizima.

Nimeweka SSD ya M.2 (kale kadiski kembamba kanakochomekwa kwenye madabodi), diski moja ya zamani imepotea!

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Kwenye madabodi nyingi, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta, M.2 inatumia njia moja na baadhi ya poti za SATA. Hamishia waya poti nyingine, na fungua kile kijitabu cha madabodi.

Diski ya 4TB inasoma 2TB, nimepigwa?

Hujapigwa, umeipanga kwa MBR, mpangilio wa zamani unaoishia 2TB. Weka GPT, ule mpya, ila toa data kwanza.

Napiga picha za harusi. Nikiweka diski mbili RAID 1 (kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili kwa pamoja) si tayari nina bakapu?

Huna. Ukifuta kwa bahati mbaya inafutika kote kote sekunde ileile, kirusi kikiingia kimeingia kote, mwizi akibeba keisi kabeba zote mbili na harusi za watu ndani. Ile diski ya tatu unayoitafutia nafasi humo usiiweke, inunulie kava la USB lenye adapta yake ya umeme maana 3.5 haiwaki kwa USB tupu, jaza picha, kisha kaifiche kwa shangazi.