Fundi, klachi inashtuka: maswali ya wasomaji wa Tabora na Kigoma

Safari hii maswali karibu yote ni ya klachi, na waliouliza wengi wamenunua pikipiki iliyokwisha kutumika. Kabla hujasoma jibu lolote, nenda kaivute leva ya klachi ya pikipiki yako kwa kidole kimoja, taratibu. Kama hakuna ulegevu wowote, au inafika nusu ya safari yake bila kukamata kitu, huenda dawa yako ni spana na dakika kumi. Usikimbilie duka la spea.

*Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya 150, mtumba. Nikiachia klachi haiondoki kwa ulaini, inaruka kama imepigwa teke. Nimebadili pleti mara mbili na bado. (Dereva, Isevya, Tabora)*

Marahaba. Mara mbili! Zile pleti za kwanza, hizo sahani zinazobanana ndani ya klachi, uliziweka wapi? Huenda zilikuwa nzima kabisa. Hili ndilo linaloniumiza: dereva anatumia hesabu ya wiki nzima kununua pleti, na waya wa klachi haukuguswa.

Anza na waya. Uchomoe kwenye leva na kule chini kwenye injini, kisha uvute kwa mkono mbele na nyuma. Unatakiwa uteleze kimya. Ukihisi unakwaruza, angalia pale kwenye kichwa chake: utakuta nyuzi mbili tatu zimekatika na kusimama kama sindano. Waya wa namna hiyo unakwama halafu unaachia ghafla, na pikipiki inaruka. Ubadilishe. Ukiwa mzima, udondoshee oili nyepesi mpaka itokee upande wa pili. Grisi nzito usiweke, maana kwa mchanga wetu wa Tabora inageuka msasa humohumo ndani.

Kisha seti ule ulegevu mafundi tunaouita plei. Nati ya kurekebishia ya juu, kwenye leva, izungushe iingie ndani yote. Nenda chini kwenye injini, legeza nati, rekebisha waya pale, kaza. Malizia kidogo juu. Kwa pikipiki nyingi ncha ya leva itembee milimita 10 hadi 20 kabla hujakutana na uzito wa springi. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Ukimaliza, endesha dakika kumi, upime tena.

Ikiendelea kuruka, ndipo tunafungua. Mwaka 2016 niliipokea pikipiki ya mzee mmoja wa Sikonge aliyekuwa akibebea ndoo za asali. Nikamwekea pleti na springi mpya, akarudi kabla wiki mbili hazijaisha, tatizo lilelile. Safari hiyo nilitoa hausingi ya klachi, lile bakuli la aluminiamu lenye vidole, nikapitisha ukucha kwenye kila kidole. Ukucha ulikuwa ukitumbukia: shimo, shimo, shimo, kila pleti ilipokuwa ikigonga. Masikio ya pleti yalikuwa yananasa kwenye vile vishimo badala ya kuteleza, halafu yanachomoka kwa pamoja. Mzee nilimrudishia fedha ya pleti, kwa sababu kosa lilikuwa langu, sikupitisha ukucha siku ya kwanza. Vishimo vidogo husawazishwa kwa tupa, polepole, kila kidole kwa kiasi kilekile. Vikiwa virefu, hausingi ni ya kubadili. Muulize fundi wako kama aliigusa.

Mambo mawili ya nje ya klachi. Kwanza raba za habu ya nyuma: shika sproketi uizungushe mbele na nyuma. Ikitembea sana kabla tairi halijafuata, raba zimekwisha, na mshtuko unaousikia unatoka huko. Cheni iliyolegea inafanya hivyohivyo. Pili, sailensa, yaani mzunguko wa injini usipofungua mafuta, ikiwa juu mno, gia ya kwanza itaingia kwa kishindo hata klachi iwe mpya.

*Fundi, naweza kuweka oili ya gari kwenye pikipiki? Bei yake nafuu. (Watu wanne tofauti)*

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi kiasi kwamba ninaanza kujiuliza kama majibu yanasomwa.

Klachi ya gari la gia za mkono kwa kawaida ni kavu, imekaa nje ya injini. Ya pikipiki zetu inaogelea ndani ya oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi nyepesi za magari, zile zinazosifiwa kwa kuokoa petroli, zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani kilichoanza mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki, baada ya oili za magari kuanza kutelezesha klachi. Ukiona JASO MB, hiyo ni ya skuta, usiiweke kwenye klachi inayoogelea. Na oili inayouzwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na jina wala alama, usiinunue hata ukiambiwa ni ileile ya kwenye kopo. Aliyeijaza hatakuwepo injini ikifa.

*Nikipanda kutoka stesheni kwenda Mwanga na abiria wawili, injini inanguruma lakini pikipiki haipandi. (Dereva, Ujiji)*

Klachi yako inateleza. Hakikisha hivi: kwenye barabara tambarare, ukiwa peke yako, weka gia ya juu kwa mwendo wa wastani, kisha fungua mafuta kwa nguvu. Mlio ukipanda na mwendo ukabaki palepale, umepata jibu.

Rudi kwenye plei kwanza, tafadhali. Waya uliokazwa mpaka leva haina ulegevu ni sawa na kuendesha ukiwa umeibana klachi nusu siku nzima. Wengi wanaukaza wakidhani wanaiongezea klachi nguvu, kumbe wanaipunguzia. Plei ikiwa sawa na oili ni sahihi, fungua. Pleti za nyama, zile zenye gamba la kushika, pima unene kwa kalipa, ulinganishe na kitabu. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo: kama kipimo cha milimita 0.2 kinapenya chini yake, nyingi huhesabiwa zimepinda. Rangi ya bluu juu ya chuma ni alama ya moto. Pima na urefu wa springi, zote, maana moja iliyochoka inazivuruga nyingine. Pleti mpya zilaze kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzifunga, na bolti za springi zikaze kwa msalaba, kidogokidogo.

Sasa la abiria wawili. Hukuniuliza, lakini nitalisema. Pikipiki ile imetengenezwa kubeba dereva na abiria mmoja. Mlima ule na watu watatu unakulazimisha uende nusu klachi kuanzia chini mpaka juu, na ukisimama katikati unaishikilia pikipiki kwa klachi badala ya breki. Dakika chache za hivyo zinaunguza nyama ya pleti. Fungua kifuniko cha oili unuse, harufu ya kuungua utaikuta. Na mnaoshuka mlima huohuo mmebana klachi au mmezima injini ili kubana petroli, acheni. Injini ndiyo inayokusaidia kushikilia mwendo, na breki ya nyuma ikishachemka hutakuwa na kitu cha kukusimamisha mbele ya watoto wanaotoka shule.

*Niweke springi ngumu za mashindano? (Kijana, Ipuli)*

Usiweke. Utauchosha mkono na waya, na tatizo litabaki.

*Hujambo fundi. Mimi ni muuguzi hapa Kigoma, nina skuta ya mkanda niliyoletewa kutoka Dar ikiwa imetumika. Nikiondoka inatetemeka kama mtu mwenye homa, ikishika mwendo inatulia. Wananiambia niweke oili kwenye klachi.*

Sijambo dada, na ahsante kwa kueleza vizuri. Tetemeko la mwanzo tu ndilo linalonipa jibu. Oili usiweke! Kwako mambo ni kinyume cha pikipiki ya gia. Klachi ya skuta yako ni kavu: kuna viatu, kwa kawaida vitatu, vinavyotanuka injini ikizunguka kwa kasi na kuibana kengele ya chuma kutoka ndani. Tone moja la grisi pale linaharibu kila kitu.

Viatu vikichakaa uso wake unang'aa kama kioo, vinashika, vinaachia, vinashika tena. Ndiyo homa yako hiyo. Fundi avifungue, avisugue kwa msasa mpaka mng'ao uondoke, apulize vumbi, aifute kengele kwa petroli ikauke. Kengele ikiwa na madoa ya bluu au imepoteza uduara, ibadilishwe. Akiwa humohumo apime upana wa mkanda na atazame vizito (roli) vya puli ya mbele, maana kizito chenye ubapa upande mmoja kinaifanya skuta isitesite ikiongeza mwendo. Springi za viatu nazo ni muhimu: zikiwa ngumu zaidi, klachi inachelewa kushika mpaka injini ipige kelele, zikilegea, skuta inataka kuondoka hata umesimama.

Asikuwashie injini kifuniko kikiwa wazi na wewe umeinama kuchungulia. Mkanda ule hauchagui kidole.

*Nikisimama, fri haiingii mpaka nizime injini. (Kasulu)*

Klachi haikati vizuri, ndiyo maana fri, yaani gia huru, inakataa. Plei imezidi, punguza. Ikikataa, soma jibu la Isevya kuhusu hausingi na la Ujiji kuhusu pleti zilizopinda.

*Mwangaluka fundi. Nataka kununua pikipiki iliyotumika. Klachi nitaijuaje kabla sijatoa hela? (Mkulima wa tumbaku, Urambo)*

Mwangaluka. Wewe ndiye umeuliza kwa wakati wake.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Washa mwenyewe, iache ipate moto kidogo. Bana klachi, ingiza gia ya kwanza, usiachie: ikikuvuta mbele, haikati. Achia taratibu mara tano sita, usikilize kama inashika kwa ulaini au kwa kuruka. Fanya lile jaribio la gia ya juu. Tazama nati ya kurekebishia waya: ikiwa imetolewa nje mpaka mwisho, ama waya umevutika sana ama mtu alikuwa akikimbizana na tatizo. Nusa oili.

Kisha soma namba ya chesisi kwa macho yako, ulinganishe na kadi, na hakikisha umiliki unahamishwa TRA kwa jina lako. Kadi ya jina la mtu asiyejulikana ni ugonjwa nisioweza kuutibu kwa spana.

Mwisho, pakia mtu mzima nyuma, upite kwenye mchanga kama ule wa barabara ya shambani kwako. Muuzaji akikataa usiijaribu hivyo, mrudishie ufunguo.