Mama hataki nipange Mwanga, nami nyumbani nimechoka

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Ujiji kwa wazazi wangu. Ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kigoma mjini, na mshahara unaonifikia mkononi ni 320,000. Nyumbani nalala chumba kimoja na wadogo zangu wawili, na tangu kaka alipomleta mkewe hata sebuleni hakuna pa kukaa. Nimepata chumba Mwanga, kina choo ndani, 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Akiba yangu ni 300,000. Kuna kijana tunapendana, bado hajaleta posa, amesema atanijazia 120,000 iliyopungua.

Nilipomgusia mama alikuja juu. Alisema binti hatoki kwao ila kwa ndoa au kwa kazi ya mbali, na Ujiji na Mwanga ni nauli ya daladala tu, watu watasema nimefuata mwanamume. Baba, mstaafu wa reli, hakusema neno. Bibi peke yake ndiye aliyesema niachwe. Tangu baba astaafu umeme nanunua mimi, unga na mafuta mimi, na mdogo wangu wa kidato cha tatu sare na madaftari yake ni juu yangu. Mwisho wa mwezi mama anakwenda Kasulu kwenye arobaini, atakaa wiki nzima. Nimefikiria nihame wiki hiyo, akirudi akute yamekwisha. Halafu friji ambayo mama anagandishia barafu za kuuza niliinunua mimi. Je, niondoke nayo?
Binti wa Ujiji

Marahaba mwanangu.

Nianze na safari ya Kasulu, maana hiyo ina tarehe. Usihame mama akiwa arobaini. Anachoogopa amekwambia: mtaa utasema umefuata mwanamume. Sasa ukipakia ndoo na mabegi kwenye bajaji siku ambayo yeye hayupo, mbele ya mabaraza ya kahawa, utakuwa umewathibitishia wote waliokuwa wanatafuta la kusema. Akirudi, habari atapewa na jirani kabla hajavua baibui. Anayeondoka kwao kwa heri huondoka mchana, mama yupo, wadogo wanagombania kumbebea mito.

Nimeirudia barua yako nikaona kitu ambacho nadhani wewe hukukiona ulipokuwa unaiandika. Umeme wewe, unga wewe, mafuta wewe, sare na madaftari wewe. Mwanangu, anayehama hapo si binti tu, anahama mtu anayewasha taa za nyumba hiyo. Mama alishaipiga hesabu hiyo siku uliyotamka neno Mwanga. Lakini atamwambiaje mwanawe aliyemzaa, "Ukiondoka tutakula nini?" Ataona haya. Itakuwa kama anakudai malipo ya kukulea. Kwa hiyo ameshika la watu, kwa kuwa la watu linasemeka.

Sisemi kwamba anakudanganya. Maneno yapo, na Ujiji ni mji wa zamani ambao watu wanajuana mpaka kwa mababu. Ukibadilisha njia ya kurudi nyumbani tu, umeshaulizwa. Ila aliyenifanya niamini kwamba hela ndiyo inayomkosesha mama yako usingizi ni baba yako. Mzee anayeona binti yake anamwaibisha husema, tena kwa sauti. Anayenyamaza ni yule anayejua nani ananunua umeme wa nyumba yake.

Basi mazungumzo yako na mama yasianzie kwenye chumba. Yaanzie kwenye hela. Mfuate akiwa peke yake, baada ya swala ya alfajiri au jioni anapochambua dagaa, si mbele ya wifi yako, wala si usiku umerudi na uchovu wa kaunta. Mwambie, "Mama, kabla hujanijibu, nikwambie kitakachobaki. Kila mshahara ukitoka nitakutumia elfu sabini kwenye simu. Sare na madaftari ya mdogo wangu bado ni yangu. Umeme tutafute wa kuushika." Kisha nyamaza. Atarudi kwenye maneno ya watu, mwache ayaseme yote. Usibishane naye. Ule mzigo mwingine utakuwa umeshatuliwa, na utaona sauti yake inashuka.

Wa kuushika umeme ni nani? Kaka yako. Ameleta mke nyumbani, na katika barua nzima sijaona hata kiberiti alichonunua. Labda ananunua na wewe hukuandika, hasira husahaulisha. Lakini kama hanunui, hapo ndipo bibi atakapokufaa. Naona umempanga bibi akuombee ruhusa. Usimtumie huko, ruhusa iombe mwenyewe, wewe ni mtu mzima. Bibi mpeleke kwa kaka. Neno lake kwa mjukuu aliyeoa ni zito; likitoka kinywani mwako litakuwa ugomvi wa ndugu, na wifi atadhani amefukuzwa.

Elfu sabini inawezekana? Tuhesabu. Kodi 60,000. Nyumbani 70,000, ya mdogo wako weka 10,000. Chakula cha mtu mmoja, ukipika mwenyewe ugali wako wa muhogo na dagaa wa mwaloni Kibirizi badala ya kununua chipsi kila jioni, 90,000. Umeme na maji 15,000. Ya ugonjwa na dharura 30,000, na hiyo haiguswi hata kitenge kiwe kizuri namna gani. Jumla 275,000. Inabaki 45,000 ya nauli, bando, sabuni, nguo, na kadi za michango ya harusi, ambazo hapa kwetu hazina likizo. Inabana, lakini inaingia. Chumba cha 80,000 kisingeingia, kwa hiyo dalali asikupandishe.

Kwenye hesabu hiyo kuna shimo ambalo wapangaji wapya hutumbukia. Ukilipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, miezi inayofuata mshahara unaonekana umeongezeka. Unanunua sabufa, unanunua zulia. Kisha mwenye nyumba anabisha hodi na huna hata robo ya anachotaka. Ile 60,000 iondoe kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, uiweke mahali ambapo kuitoa ni usumbufu.

Sasa 120,000 ya huyo kijana. Sina neno naye, huenda ana nia njema na posa italetwa. Lakini katika mpango wako wote hiyo ndiyo hela pekee inayompa mama haki. Atasema chumba kina mwanamume, nawe utamjibu nini, wakati kodi ya miezi miwili ni yake? Pia aliyelipa kodi huona ana haki ya kuuliza kwa nini ulichelewa kufungua mlango. Mshukuru, umwambie aiweke kwenye mahari.

Bila hela yake miezi sita huiwezi, na hata ungeiweza ningekukataza. Mwombe mwenye nyumba miezi mitatu. Wapo wanaokubali, hasa chumba kikishakaa wazi mwezi mzima. Miezi mitatu ni 180,000, na dalali 60,000, hiyo 240,000. Unabaki na 60,000, na hapo ndipo nilipokuta pengo: hukunitajia godoro. Unalolalia nadhani ni la wadogo zako pia, litabaki. Unahitaji godoro, chandarua (kwa malaria ya mkoa wetu hicho kitangulie hata pazia), jiko la mkaa au mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili, ndoo mbili, beseni. Elfu sitini haifiki hapo.

Kwa hiyo ngoja mishahara miwili au mitatu. Hicho chumba kitachukuliwa na mwingine. Kichukuliwe, Mwanga haijawahi kuishiwa vyumba, na kama hakuna Mwanga kuna Katubuka. Kila mwezi nunua kitu kimoja kikubwa ukiweke chumbani kwa bibi. Leo godoro, mwezi ujao jiko. Mama atakuwa anavipita kila siku. Naamini godoro lililosimamishwa ukutani kwa bibi litamzoesha kuliko hotuba yoyote utakayompa.

Utakapoanza kutafuta tena, dalali usimlipe ya mwezi mmoja mpaka umemwona mwenye nyumba kwa macho na mmetia saini. Hela ya kuonyeshwa vyumba ni ndogo, hiyo haina neno. Kodi ipeleke kwa mwenye nyumba mwenyewe, upewe karatasi inayosema umelipa miezi mingapi, kuanzia tarehe gani, na kila upande utoe taarifa muda gani kabla ya kuondoka. Serikali ya mtaa nayo ikujue. Nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wiki hiyo hiyo, usingoje upate shida ndiyo uanze kuuliza ofisi iko wapi. Kitasa badilisha siku ya kwanza, wapangaji waliokutangulia walichonga funguo ngapi hakuna anayejua.

La umeme liulize kwa kina kuliko rangi ya ukuta. Mita ni yako peke yako au ya nyumba nzima? Mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa bei nafuu sana. Mita moja ikibeba vyumba vitano, mwenye pasi na mwenye heta ya kuchemshia maji wote humo, kikomo hicho hupitwa na bei inapanda kwa kila mtu, hata wewe mwenye taa moja. Uliza pia juu ya kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na ingawa ni ya mwenye nyumba, anayekatwa ni anayenunua umeme. Ni fedha ndogo, lakini mkubaliane mapema nani anaibeba, maana nimeona watu wakinuniana mwaka mzima kwa sababu ya fedha ndogo kama hiyo.

Ukiweza kikague chumba mvua ikinyesha. Mji wetu ni wa miteremko, na nyumba inayopendeza wakati wa kiangazi unaweza kukuta mfereji wa mlima mzima unapita mlangoni mwake. Ukishushwa bei sana karibu na ufukwe, jiulize kwa nini. Ziwa limepanda miaka ya karibuni, na wa pwani ya Kibirizi hawajasahau. Halafu pita hapo saa mbili usiku ukitazama njia utakayorudia kutoka kazini ina taa au haina.

Friji acha. Wewe unaihesabu kama friji, mama anaihesabu kama duka. Ukiibeba utakuwa umemkata kipato siku ile ile uliyomwondolea unga na mafuta, na ile 70,000 yako haitaziba. Isitoshe itakula uniti za chumba chako bila faida, mtu mmoja anagandisha nini? Iache, na umwambie wazi kwamba umemwachia, ili kaka asije akadai siku moja kwamba ni ya nyumba.

Kuhusu watu, dawa ni kumfanya mama awe ndiye aliyekupeleka. Chumba kikipatikana, kabla hujalipa, nenda naye akakione. Achungulie choo, agombane na dalali kidogo, roho yake itulie. Siku ya kuhama aje yeye na shangazi yako mmoja, wapike humo chakula cha kwanza, wasalimiane na wapangaji wenzako. Mwanga watajua una kwenu. Ujiji watakuwa wamemwona mama yako akipanda bajaji na sufuria mapajani, na anayetaka kusengenya itabidi aanze na yeye. Ijumaa rudi kula nyumbani, hasa mwezi wa kwanza, hata kama umechoka.

Na akikataa hata baada ya hayo yote? Nenda kwa baba. Usimzungukie, muulize: "Baba, nikihama kwa utaratibu huu, nitakuwa nimekukosea?" Akikwambia nenda, basi nenda, mama atafuata kwa wakati wake. Wakikataa wote wawili, bado una miaka 26 na mshahara wako, na mimi sitakwambia ukae chumba cha watatu mpaka posa ije. Utahama. Ila utahama wanajua siku na saa, na ile 70,000 itatumwa mwezi huo huo hata kama hawapokei simu yako.

Ukishakaa na mama, niandikie alivyojibu kuhusu hela. Hilo la watu najua atalisema tu.